Utumie cha lugha, uchukue cha watu au ujitungie? Mwongozo kamili wa kuchagua fremuweki kwa wanaotengeneza sistimu Arusha na Moshi

Ukikaa na madevelopa wa Chuga (Arusha hii) dakika kumi tu lazima ubishi uzuke. Mmoja anasema Laravel, fremuweki ya lugha ya PHP, ndo kila kitu, mwingine anasema yeye anaandika PHP tupu maana fremuweki (mifupa ya programu iliyotengenezwa tayari unayojengea juu yake) zinajaza seva takataka, afu kuna yule wa tatu ambaye huwa hakosekani, ana fremuweki yake aliyoitunga tangu yupo chuo na kila mteja anamfungia hiyohiyo. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi na wote wanaweza kuwa wanamuumiza mteja, inategemea ni kazi gani na nani ataishika baadae. Tatizo naloliona mimi ni kwamba swali lenyewe tunaliuliza kwa jumla mno. Huchagui mara moja kwa sistimu nzima, unachagua kipande kwa kipande, na sistimu moja iliyotulia inaweza kuwa na vya aina zote tatu ndani yake bila ugomvi wowote.

Ili tusiongee hewani nitatumia kazi mbili za aina tunayoipata sana huku. Ya kwanza ni kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha inayotaka sistimu ya kupiga bei za safari na kufuatilia bukingi. Ya pili ni AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) ya kahawa huko juu Moshi, wanataka kurekodi kilo za kila mkulima na hela yake.

Na nikisema cha lugha namaanisha kile kinachokuja na lugha au jukwaa lenyewe bila kudaunlodi kingine. Cha watu ni Laravel, Django (ya Python), Flutter (ya apu za simu) na laibrari zote, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, unazovuta intaneti. Cha kujitungia unakijua mwenyewe, ni lile folda linaloitwa "core" ulilolikopi kutoka projekti ya mwaka juzi.

Hatua ya 1: vunja kazi vipande, kwa kalamu

Usifungue kompyuta bado. Chukua karatasi uandike kila kitu ambacho sistimu itafanya, kipande kimoja mstari mmoja. Kwa ile ya utalii utapata logini, kupiga bei, kutoa kotesheni ya PDF, kutuma imeili, kupokea malipo, ratiba ya madereva, ripoti. Kwa AMCOS utapata daftari la wakulima, kuingiza kilo toka kwenye mizani, kukokotoa malipo, kutuma sms, ripoti za mkutano mkuu, na juu ya yote hayo iwe inafanya kazi hata mtandao ukikata, maana huko kwenye kituo cha kupokelea kahawa mtandao ni bahati.

Sasa pembeni ya kila mstari jibu swali moja: hiki kitu ni kilekile kwa kila biashara duniani, au ni cha huyu mteja tu? Logini ni ileile kila mahali. Kutuma imeili ni kulekule. Lakini kupiga bei ya safari ni kitu kingine kabisa, kuna viingilio vya hifadhi ambavyo mgeni wa nje analipa tofauti na mkazi na tofauti na raia wa Afrika Mashariki, watoto wana bei yao, kuna hai sizini na lo sizini, kuna VAT, kuna gari moja linalogawanywa kwa watu wawili au sita, na kuna ile faida ambayo bosi anaijua yeye peke yake kichwani. Hakuna fremuweki itakayokuja na hayo ndani. Ukimaliza karatasi hii nusu ya ubishi umekwisha, mistari ya "kilekile" unaenda kuitafutia cha lugha au cha watu, mistari ya "huyu tu" unajiandaa kuiandika.

Hatua ya 2: uliza nani ataishika wewe ukiondoka

Hili watu wanaliruka na ndo kubwa kuliko yote. Mtu wa huku hanunui gari bila kuuliza spea zake zinapatikana wapi na fundi gani analijua, sasa sijui kwa nini tukifika kwenye sistimu tunasahau. Fanya jaribio rahisi, ingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya madevelopa uulize nani yupo Arusha au Moshi anaweza kushika projekti ya Laravel, uone simu itakavyoita. Afu uulize ile fremuweki mpya uliyoiona juzi kwenye video. Kimya.

Mteja kama ana IT wake ofisini, muulize huyo IT anajua nini kabla hujaamua. Kama hana mtu, basi wewe ndo mtu, na uandike hivyo kwenye mkataba.

Hatua ya 3: anza na ulichonacho tayari

Kabla hujavuta chochote, pitia lugha yako inakupa nini. Watu wengi tunavuta laibrari kwa kazi ambayo lugha inaifanya tayari. PHP ina PDO ya kuongea na databesi, ina password_hash ya kuficha pasiwedi tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013. Python inakuja na sqlite3 ya databesi ndogo, csv ya majedwali, unittest ya testi. Brauza yenyewe siku hizi ina fetch ya kuvuta data na ina kisanduku cha tarehe, enzi za jQuery (laibrari ya JavaScript) hivi ulikuwa unavidaunlodi.

Mfano wa karibu, malipo ya mkulima. Ukiandika 0.1 + 0.2 kwenye Python au JavaScript utajibiwa 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta inahifadhi desimali kwa namba za msingi wa mbili na 0.1 haikai sawasawa humo. Kwa mkulima mmoja huoni kitu, kwa wakulima mia tano na malipo ya awali na ya pili, jumla ya ripoti inakataa kulingana na jumla ya benki kwa shilingi kadhaa na hapo kwenye mkutano mkuu mzee mmoja wa nyuma atasimama na kikokotoo chake, na atakuwa na haki. Dawa haihitaji laibrari yoyote. Python ina decimal ndani yake, ila iandike Decimal('37.4') yenye alama za nukuu, ukiandika Decimal(37.4) umeshaibeba ile kasoro na kuiingiza ndani. Au njia ninayoipenda zaidi, hifadhi gramu na shilingi kama namba kamili. Tuseme kilo 37.4 kwa bei ya 6,150, unahifadhi gramu 37,400, unazidisha na 6,150 unagawanya kwa 1,000 unapata 230,010, na kanuni ya kukata senti unaiandika sehemu moja tu inayojulikana.

Ila cha lugha nacho kisiabudiwe. Ile http.server (seva ndogo ya tovuti) ya Python nyaraka zake zenyewe zinakwambia usiitumie kwenye kazi halisi, ni ya kujaribia tu. Na cha lugha kinaweza kuondolewa pia, moduli ya cgi ya kupokea fomu za tovuti ilikuwa ndani ya Python miaka na miaka, toleo la 3.13 la Oktoba 2024 likaja bila yake. Tofauti ni kwamba huwa wanatangaza mapema, ukiwa unasoma maonyo hushtukizwi.

Na kuna mambo yanahama. Watu wa lugha ya Go walikuwa wanavuta laibrari ya gorilla/mux ili tu kupanga njia za URL, Desemba 2022 wenyewe wakaifunga projekti, watu wakahaha, mwaka uliofuata wengine wakaifufua, afu Februari 2024 Go 1.22 ikatoka na upangaji wa njia ulioboreshwa ndani ya net/http yenyewe. Kwa hiyo hata kama uliangalia zamani ukakuta lugha yako haina, angalia tena.

Hatua ya 4: cha watu, kikague kama unaajiri mtu

Hapa ndo tukae kidogo. Logini, sesheni (kumkumbuka aliyeshaingia), fomu, migresheni za databesi (kubadilisha muundo wake kwa mpangilio), kuzuia mashambulizi ya fomu za kughushi, hivi vyote Laravel na Django wanakupa, na kwa sistimu yoyote yenye watumiaji wengi na paneli ya admini mimi sioni sababu ya kuanza bila mojawapo. Paneli ya admini ya Django peke yake inaokoa wiki za kazi kwenye ile daftari la wakulima. Lakini kila laibrari ya ziada unayoiweka juu yake ipitishe kwenye ukaguzi, na ukaguzi wenyewe hauzidi saa moja:

Fungua ukurasa wa kodi yake (kodi ni maandishi ya programu, sio ya TRA) na usihangaike na nyota ambazo watu wameipa. Angalia toleo la mwisho lilitoka lini, na malalamiko ya watu yanajibiwa au yamelala tu. Angalia watu wangapi wanaingiza kodi, kama ni mmoja, jiulize akichoka itakuwaje. Soma maelezo ya mabadiliko ya matoleo mawili matatu ya mwisho, utajua hawa watu wanavunja vitu ovyo au wanajali.

Soma leseni. Ya MIT unafanya karibu lolote ilimradi uache tamko lao la hakimiliki. GPL ukimkabidhi mteja programu uliyoijengea humo, kodi yako nayo inatakiwa iende chini ya leseni hiyo, na AGPL inaongeza hata wale wanaoitumia kupitia mtandao. Mteja akikwambia "sistimu iwe ya kwangu peke yangu" halafu umeshaweka AGPL ndani, hilo ni tatizo lako.

Angalia inavuta nini nyuma yake. Kwa PHP piga composer show --tree, kwa npm (ghala la laibrari za JavaScript) piga npm ls --all, uone ukoo mzima. Machi 2016 jamaa mmoja aligombana na npm kuhusu jina la projekti yake akazitoa laibrari zake zote, mojawapo ikiitwa left-pad, mistari 11 tu ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, na projekti kibao duniani zikashindwa kujengwa siku hiyo mpaka ikarudishwa. Desemba 2021 ilikuwa zamu ya Log4j, laibrari ya Java ya kuandika kumbukumbu za sistimu, likakutwa tundu kubwa la usalama, na wengi waliokuwa nayo walikuwa hawajui hata kama wanayo sababu iliingia imebebwa na kitu kingine. Huwezi kuziba tundu la kitu usichojua kama unacho.

Angalia umri. Kila toleo kubwa la Laravel linapewa marekebisho ya usalama miaka 2 tu. Django wana matoleo ya muda mrefu ya miaka 3, mfano 5.2 ya Aprili 2025 inakwenda mpaka Aprili 2028. AMCOS haina bajeti ya kuita fundi kila mwaka, kwa hiyo kwao mi nachukua lile la muda mrefu, hata kama jipya lina madoido. Na kumbuka yaliyowakuta watu wa AngularJS, fremuweki ya JavaScript ya Google, mwaka 2016 ikaja Angular mpya iliyoandikwa upya kabisa, kodi ya zamani haihami hivihivi, na mwisho wa 2021 ile ya kwanza ikaachwa rasmi. Kampuni kubwa ikiwa nyuma yake haimaanishi haitakuacha njiani.

La mwisho ni la kwetu hasa: jaribu kuifunga kwa bando la simu. Fremuweki inayodaunlodi folda la mamia ya MB kila unapojenga upya itakutesa siku umeenda site Kibosho na unategemea hotspoti. Hifadhi composer.lock au package-lock.json (faili zinazotunza matoleo kamili ya laibrari zako) pamoja na kodi, na kopi ya laibrari zenyewe iweke sehemu salama.

Kwa simu nitapita haraka: kama mteja anataka Android tu na apu inatumia sana mizani ya bluetooth au kazi za nyuma ya pazia, lugha ya Kotlin na vitu vya Android vyenyewe vinakupa amani. Kama anataka na iPhone kwa ajili ya mameneja, Flutter inatosha sana. Basi.

Hatua ya 5: cha kujitungia, lini ndiyo na lini hapana kabisa

Kuna saccos moja niliitwa kuangalia sistimu yao, fundi wa mwanzo alishahamia mkoa mwingine na simu hapokei. Nakuta faili moja linaitwa engine.php, maelfu ya mistari, fanksheni zinaitwa f1, f2, f3 mpaka huko, pasiwedi za wanachama zimefichwa kwa MD5 (njia ya zamani iliyo rahisi kuvunjwa) bila chumvi, yaani bila herufi za nasibu za kuongezea ugumu, na hakuna hata ukurasa mmoja wa maelezo. Kijana alikuwa na akili sana, hilo halina ubishi, kodi ilikuwa inakimbia. Lakini kubadilisha riba tu ilinichukua siku nzima kujua inakokotolewa wapi, na kumbe inakokotolewa sehemu mbili.

Kwa hiyo vitu hivi usijitungie, hata kama unajisikia mkali: kuficha pasiwedi, usimbaji wa data, sesheni, tokeni za logini, na hesabu za saa za kanda duniani. Kosa lake huwa halionekani mpaka siku mtu mbaya amelipata. Na sasa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na ile sistimu ya utalii imejaa namba za paspoti za wageni, kwa hiyo mteja wako anawajibika kisheria.

Vya kujitungia ni vile vya mstari wa "huyu tu". Kanuni za bei ya safari andika mwenyewe, kwenye faili zake, bila kutaja Laravel wala Django humo ndani, na ziandikie testi kwa kutumia kotesheni za kweli ambazo bosi alishazipiga kwa Excel. Ukipata jibu tofauti na la bosi, kaeni chini mjue nani kakosea.

Mfano mwingine mdogo ambao hautaupata kwenye laibrari za wazungu ni saa. Mgeni anasoma ratiba 06:00, dereva anataka sms iseme saa 12 asubuhi. Hesabu ni nyepesi, unajumlisha 6 kwenye saa, unachukua baki la kugawanya kwa 12, ikija 0 unaandika 12. Kazi ipo kwenye usiku. Ndege inatua uwanja wa KIA 00:30 ya tarehe 13, ukimwandikia dereva "tarehe 13 saa 6 na nusu usiku" kuna dereva ataenda usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, na mgeni ameshalala kwenye benchi siku moja kabla. Sms inatakiwa iandike "usiku wa kuamkia tarehe 13". Hiyo fanksheni ya mistari ishirini ni ya kwako, itunze.

Namba za simu nazo zinaonyesha vizuri jinsi kipande kilekile kinavyoweza kuwa na majibu mawili. Kwa AMCOS, namba zote ni za Tanzania, unaondoa nafasi, 0 ya mwanzo unaibadilisha kuwa 255, unahakikisha zimebaki tarakimu 9 baada ya 255, umemaliza, laibrari ya nini? Kwa kampuni ya utalii wageni wanatoka Ujerumani, Marekani, Israeli, China, kila nchi na urefu wake wa namba, hapo vuta libphonenumber ya Google na usijifanye shujaa.

Na kama unataka kutunga fremuweki kamili, sikuzuii, ila angalia wakubwa walivyoanza. Django ilizaliwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas kuanzia 2003, watu wanatengeneza tovuti za habari kwa haraka, ikatolewa kwa umma 2005. Rails, fremuweki ya lugha ya Ruby, ilichomolewa kutoka Basecamp, programu ya kusimamia projekti, 2004. Kazi ilitangulia, fremuweki ikafuata. Kwa hiyo maliza kwanza sistimu tatu za utalii zinazofanana, kile kilichojirudia kwenye zote tatu ndo ukichomoe, ukiandikie maelezo na testi. Ukianza na fremuweki kabla ya mteja unatunga majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeuliza.

Hatua ya 6: jaribu kipande kigumu kwanza, na weka ukuta

Ukishaandika chaguo lako pembeni ya kila mstari, chukua kile kipande kinachokutisha zaidi ukijenge peke yake kwa siku chache. Usianze na logini, logini itakubali tu. Kwa AMCOS kigumu ni kuingiza kilo bila mtandao halafu data ipande mtandao ukirudi bila kujirudia. Kizime kifaa katikati ya kutuma, kiwashe, uone kilo za mkulima zimekuwa mbili au zimebaki moja. Fremuweki ikikusumbua hapo, ibadilishe sasa hivi kabla hujaizoea.

Halafu kila cha watu kizungushie ukuta mwembamba. Usiite laibrari ya sms kutoka sehemu arobaini za kodi, andika fanksheni yako moja, tumaSms, ndani yake ndo umwite mtoa huduma. Akipandisha bei au akifunga, unabadilisha faili moja. Ila usizidishe, ukuta kuzunguka fremuweki kubwa yenyewe ni kazi bure, Laravel ukiichagua umeichagua.

Hatua ya 7: andika, na weka bei ya matunzo

Ukurasa mmoja unatosha, uweke humohumo kwenye folda la kodi: kipande, tulichochagua, kwa nini, na kitu gani kikitokea tubadilishe mawazo. Mfano "PDF: laibrari ya nje, tukikuta haipati toleo jipya mwaka mzima tunahama".

Kwenye ankara tenganisha bei ya kutengeneza na bei ya matunzo ya mwaka, na mweleze mteja kwa maneno ya kawaida kwamba toleo hili mwisho wake wa usalama ni mwezi fulani mwaka fulani, kabla ya hapo kuna kazi ya kupandisha na ina gharama. Kwa utalii panga apdeti mvua za masika zikiwa zimekolea, Aprili na Mei, wageni wachache. Kwa kahawa usiguse kitu msimu wa mavuno. Kila mwezi piga composer audit au npm audit, dakika mbili, kikiwaka chekundu soma kinahusu nini kabla hujakimbilia kuapdeti, chukua bakapu, jaribu kwenye kopi, ndo upandishe kwa mteja, na sio Ijumaa jioni.